Herufi ya Kwanza

Nyuma ya sikio langu la kulia, chini ya ngozi,
pana kidude kama kifungo cha koti.
Ndani yake mlango, na mlango una namba.
Leo ni mia na arobaini.

Watu wakielemewa husema maji yamewafika shingoni.
Yangu hupita shingoni kila siku,
yanashuka kwenye mrija mwembamba kama tambi,
yanapita mtulinga, yanapita mbavu,
hadi tumboni, ambako yananywewa kimyakimya.
Ukinigusa hapa, shingoni, utausikia:
mshipa usio mshipa.
Mama hakuugusa kamwe. Alinichana nywele akiukwepa
kama anayezunguka kaburi.

Nimezaliwa Kiruna, mji uliokaa juu ya chuma.
Saa saba na nusu usiku wanalipua mgodini,
vikombe vinagongana kabatini,
na miye macho juu, mkono nyuma ya sikio.
Niliwahi kumuuliza daktari wa Umeå:
sumaku yote ile chini ya kitanda changu?
Akacheka. Chuma kile kiko mbali, akasema.
Jihadhari na vilivyo karibu.

Mwaka waliponiwekea mia na ishirini
nilikuwa nikisimama, kichwa kinalia;
nikilala, kinanyamaza.
Nikaishi kwa mlalo miezi miwili,
nikijua dari kuliko ninavyoujua uso wangu.
Mji nao walikuwa wakiuhamisha, ardhi imepasuka.
Siku kanisa lilipopita barabarani juu ya magurudumu
nilitoka, thermosi mkononi, nikaliambia:
pole, dada, na wewe wamekupasua.

Halafu Tyra.
Miaka sita, binti wa kaka yangu Joel,
meno mawili ya mbele hana.
Jumapili nililala kwenye kochi lao.
Akabandua kwenye friji herufi nyekundu, A,
A ya Aune,
akaibandika nyuma ya sikio langu.
Ikashika kidogo, akaniambia baadaye, kwa fahari.
Ili shangazi asipotee.

Jumatatu nilisahau uji jikoni.
Jumanne nilisahau kwamba nimesahau.
Nikatapika kabla ya chai, sakafu ikainama,
Joel akawa wawili, wote wamekunja uso.
Maji yamezidi unga, ndiyo,
ila unga wenyewe ndio mimi.

Ndege ya asubuhi. Theluji inasafiri ubavuni.
Muuguzi Berit akaweka chombo chake kichwani pangu,
akakisogeza, akakisoma kama nahodha aliyepotea.
Mia na tisini, akasema.
Nani amekugusa?

Alizungusha sumaku yake. Sikusikia kitu.
Hapo ndipo huwa nashindwa kueleza watu:
hakuna mlio, hakuna mwanga.
Mtu anabadili hali ya hewa ndani yako,
anavua glavu, anauliza kama una nauli ya teksi.

Joel alitaka kuzitupa herufi zote.
Nikamkatalia. Mtoto ajifunze kusoma kwa nini, kwa hofu?
Sasa zimepanda juu ya friji, kwenye kopo la kahawa,
na Tyra hunisimamia mlangoni, mikono juu,
kama aliyekamatwa na polisi:
Sina kitu! Namba yako ngapi leo?
Ndiyo salamu yetu.
Mia na arobaini, namjibu. Yako?
Hufikiri. Saba. Kesho kumi na moja.

Ukweli ni kwamba sijui.
Namba haina ladha.
Kati ya Umeå na Umeå
naitembelea kama barafu ya mto mwezi wa nne:
mguu mmoja, nasikiliza,
halafu ule mwingine.